Barua ya wazi kwa wasimamizi wa gulio la mwishoni mwa juma: chakula kinauzwa, maji hayapo

Kwa Waheshimiwa Mwenyekiti, Meneja na Wajumbe wa Kamati ya Usimamizi wa Gulio,

YAH: MAJI, USALAMA NA HATIMA YA ENEO LA VYAKULA KATIKA GULIO LA JUMAMOSI NA JUMAPILI

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mteja wa vibanda vya chakula katika gulio mnalolisimamia, na ninaandika kwa niaba yangu pamoja na wateja na wachuuzi walioniomba nifanye hivyo. Suala hili limekwisha kufikishwa ofisini kwenu kwa njia za kawaida: kwa mdomo kwa msimamizi wa zamu, kwa barua iliyopokelewa na kugongwa muhuri, kisha kwa barua ya kukumbushia ambayo hata muhuri haikupata. Jibu pekee tulilolipata ni kwamba jambo "linafanyiwa kazi". Tangu hapo, kilichoonekana ni kibao kipya langoni kinachowakaribisha wageni waje kuonja vyakula vya mitaani vya mji mzima mahali pamoja, na tangazo dogo lililobandikwa nyuma ya ofisi ya ushuru likiwaonya wachuuzi kwamba atakayekutwa na uchafu ataondolewa papo hapo bila taarifa. Matangazo hayo mawili hayawezi kukaa pamoja, na ndiyo yaliyonifanya nitoke ofisini kwenu nije hadharani.

Hoja yangu ni kwamba usalama wa chakula cha gulioni hutegemea kwanza vitu ambavyo ninyi ndio mnavyo mikononi, yaani maji, mifereji, nafasi, moto na ukaguzi, na kwamba si haki kumtoza mchuuzi ushuru wa vitu hivyo, kutompatia, halafu kumwadhibu kwa kuvikosa.

Naomba mzingatie namna watu wanavyokula hapa, kwa sababu ndiyo inayolitofautisha gulio na mgahawa. Mtu anayekuja Jumamosi kutalii vyakula haketi mahali pamoja. Huanza na kitu cha kukaangwa kibanda cha kwanza, akavuka kwenda kwenye nyama ya kuchoma, akaomba kuonja mchuzi wa mwenye chungu kikubwa, akamalizia na juisi au tunda lililokatwa, huku akigawana kila kitu na aliofuatana nao. Akiugua usiku huo hatajua ni kibanda kipi kilichomdhuru, wala daktari hatajua. Atakachosema kesho yake ni kwamba amekula gulioni. Kwa hiyo mchuuzi msafi hubeba lawama za mchafu, na wote wawili hubeba lawama za bomba lililokauka. Starehe ya kuzunguka na kuonja ndiyo inayowaletea wateja na ushuru, na hiyo hiyo ndiyo inayofanya udhaifu wa sehemu moja uwe udhaifu wa gulio zima.

Malalamiko yetu ni haya:

1. Maji. Eneo lote la vyakula linategemea tangi moja lililo upande wa maegesho, nalo hujazwa Ijumaa jioni. Jumamosi kabla ya adhuhuri, wakati wateja ndio kwanza wanaanza kumiminika, maji huwa yamekwisha. Kuanzia hapo mchuuzi hubaki na ndoo aliyokuja nayo, au hununua madumu kwa vijana wa mikokoteni bila kujua maji yametekwa wapi. Maji hayo machache ndiyo yatakayoosha mboga, sahani, vijiko, visu na mikono, na aghalabu katika beseni lile lile, hadi yanageuka rangi.

Mwaka 2001 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitoa kanuni tano za chakula salama: kudumisha usafi, kutenganisha vyakula vibichi na vilivyopikwa, kupika hadi chakula kiive kabisa, kukiweka katika joto salama, na kutumia maji na malighafi salama. Ukizipitia moja moja utaona kwamba ya kwanza na ya tano ni maji matupu, na ya pili nayo haitekelezeki bila maji, kwani kisu na ubao vilivyokatia nyama mbichi haviwezi kurudi kwenye mboga za kuliwa mbichi pasipo kuoshwa. Yaani tangi likikauka, kanuni tatu kati ya tano zimekwisha kuvunjwa kabla mpishi hajatenda kosa lolote.

Najua mmefunga chupa za vitakasa mikono kwenye nguzo, na wageni huzipiga picha. Kitakasa chenye kileo hakifanyi kazi ipasavyo juu ya mikono yenye mafuta au uchafu unaoonekana, na mikono ya mpishi wa gulioni huwa hivyo kutwa nzima. Kinachohitajika ni maji yanayotiririka, sabuni, na sekunde zipatazo 20 za kunawa. Wala hatudai mitambo. Chombo chenye mfuniko na koki chini, ambacho hakimruhusu mtu kuchovya kikombe wala mkono, kikajazwa maji yaliyotiwa klorini kwa kipimo sahihi, hutumika hata katika kambi za wakimbizi. Gulio linalotoza ushuru kwa kila meza haliwezi kushindwa na jambo linalowezekana kambini.

2. Joto na muda. Hapa kuna kanuni yenu wenyewe inayozalisha hatari, na sidhani kama aliyeitunga alifikiria matokeo yake. Kila kibanda kinaruhusiwa jiko moja. Mpishi mwenye wali na mchuzi analazimika kushusha kimoja ili kingine kiwekwe jikoni, na kilichoshushwa kinakaa chini ya meza kikipoa taratibu. Vijidudu vingi vinavyoleta maradhi ya chakula huongezeka kwa kasi kati ya nyuzijoto 5 na 60 za Selsiasi, na WHO linashauri chakula kilichopikwa kisikae katika joto la kawaida kwa zaidi ya saa 2. Gulio letu hufunguliwa asubuhi na hufungwa usiku. Hesabu hiyo haihitaji mtaalamu.

Wengi hudhani kwamba kupasha moto upya humaliza tatizo. Si kila mara. Bakteria aitwaye Bacillus cereus hupatikana mara nyingi katika wali. Chembe zake ngumu hustahimili kuchemshwa, na wali ukiachwa upoe polepole chembe hizo huamka, zikaongezeka na kuacha sumu ambayo moto wa kupashia hauiharibu. Mwingine, Staphylococcus aureus, huishi puani na kwenye ngozi za watu wenye afya njema, na akiingia katika chakula kilichopoa naye huacha sumu ya namna hiyo. Sahani inaweza kumfikia mteja ikifuka mvuke na bado ikamlaza kitandani. Ndiyo maana jiko la pili, hata dogo la kuhifadhia joto tu, si anasa.

Kwa upande wa baridi hali ni mbaya zaidi. Samaki, maziwa na juisi hutegemea barafu inayonunuliwa alfajiri, na soketi za umeme zilizo kwenye nguzo zimefungwa kwa kufuli, nasi hatujawahi kuelezwa sababu.

3. Ukaguzi. Afisa anayekagua eneo la vyakula huja katikati ya juma, siku ambazo meza zimegeuzwa juu chini na kufunikwa turubai. Anachokikagua ni sakafu. Baadhi ya wachuuzi wamenionyesha fomu zao, na penye swali la joto la chakula pameandikwa "haihusiki", jambo ambalo kwa siku hiyo ni kweli tupu, kwa kuwa hapakuwa na chakula. Kisha fomu hizo ndizo zinazotumiwa kuamua nani apewe kibali na nani anyimwe.

Njia inayokubalika duniani, ambayo imeingizwa katika miongozo ya Codex Alimentarius, yaani viwango vya kimataifa vya chakula vya WHO na FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, ni kutazama chakula kikitayarishwa na kutafuta hatua ambazo hatari huingilia: kupokea nyama, kuosha, kupika, kushikilia joto, kupakua. Mbinu hiyo ilianza miaka ya 1960 katika kutayarisha chakula cha wanaanga wa Marekani, watu ambao wasingepata hospitali wakiugua njiani. Haiwezi kufanywa Jumatano kwenye meza tupu. Kila tarehe 7 Juni, Siku ya Usalama wa Chakula Duniani iliyoanza kuadhimishwa mwaka 2019, bango hutundikwa langoni kwetu. Tungefurahi zaidi kumwona mtu mwenye kipimajoto Jumamosi yoyote ya kawaida.

4. Taka, majitaka na vyoo. Mfereji unaopita nyuma ya vibanda umeziba, na kila mvua inaporudi maji yake hupanda hadi kwenye miguu ya meza. Vyoo viko mwisho wa upande wa nguo, na havina sabuni. Mapipa hujaa Jumamosi jioni lakini gari la taka huja Jumatatu, hivyo Jumapili nzima tunakula pamoja na nzi. Liko pia jambo ambalo wateja hawalioni: hakuna pipa la mafuta yaliyokwisha kutumika. Mchuuzi wa vyakula vya kukaangwa anaweza kuyamwaga mferejini, ambako huganda na kuuziba zaidi, au anaweza kuendelea kuyakaangia. Mafuta yanayochemshwa tena na tena huharibika na kujenga viambata visivyofaa mwilini, na nchi kama Ufaransa na Hispania zimeweka kikomo cha asilimia 25 cha viambata hivyo, kikivukwa mafuta hutupwa. Sisi hatujafika kwenye kupima. Tunaomba pipa.

5. Moto. Mitungi ya gesi imepangwa kando ya mfereji huo huo, kwa maelekezo ya ofisi yenu, ili isizibe njia. Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipai, bali hutambaa chini na kujikusanya mahali palipoinama, na mfereji ndio mahali hapo. Tena hakuna kizimamoto kinachofaa kwa mafuta. Zilizopo ni ndoo za mchanga na za maji, na hizo za maji zitamponza mtu, kwa sababu maji yakimwagwa kwenye mafuta yanayowaka huzama, hugeuka mvuke ghafla na kurusha moto hewani.

6. Mpango wa kuwaondoa wachuuzi. Habari zimetufikia, nanyi hamjazikanusha, kwamba msimu ujao eneo lote la vyakula litakodishwa kwa mkandarasi mmoja atakayeweka vibanda vya sare moja, na kwamba sababu inayotajwa ni usafi. Hapa naomba niseme kwa uwazi wote: usafi hautakiwi kuwa kisingizio cha kufukuza watu waliolijenga gulio hili kwa mikono yao. Mgeni haji kuonja vyakula kumi vilivyotoka jikoni kwa mtu mmoja. Anakuja kwa sababu mwenye chungu hiki hapiki kama mwenye chungu kile, na kila mmoja ameurithi au ameusumbukia ufundi wake. Ukiondoa hilo, kitakachobaki ni kantini yenye maegesho.

Ipo miji iliyopita njia nyingine. Singapore, kati ya mwaka 1971 na 1986, ilijenga vituo vyenye maji, mifereji, umeme na vyoo, ikawahamishia humo wachuuzi wa barabarani wale wale pamoja na mapishi yao. Haikuwa kazi ya mwaka mmoja na haikukosa manung'uniko, lakini mwaka 2020 UNESCO, shirika la Umoja wa Mataifa la elimu, sayansi na utamaduni, iliuingiza utamaduni huo wa vyakula katika orodha yake ya urithi usioshikika. India nayo ilipitisha sheria ya wachuuzi wa mitaani mwaka 2014, inayotaka wawakilishi wa wachuuzi wasipungue asilimia 40 ya wajumbe wa kamati za miji zinazopanga maeneo yao, na theluthi ya wawakilishi hao wawe wanawake. Katika kamati yenu, Waheshimiwa, hakuna hata mchuuzi mmoja wa chakula, ilhali ushuru wa chakula ndio unaokusanywa mapema kuliko wote.

7. Maelezo kwa mteja. Vibanda vingi havina bei wala orodha ya vilivyomo. Mtu anayedhurika na karanga, ufuta, maziwa, mayai au samaki analazimika kuuliza kila mahali, katikati ya kelele, na kuamini jibu la kijana anayepakua ambaye si yeye aliyepika. Ubao mdogo na chaki vingetosha.

Nayafahamu baadhi ya majibu yanayoandaliwa, kwa kuwa nimeyasikia dirishani kwenu. Mtasema kwamba afya ya chakula ni kazi ya idara ya afya na si ya gulio. Ni kweli kwamba idara hiyo ndiyo inayotoa kibali, lakini si idara ya afya inayojaza tangi, inayofunga soketi kwa kufuli, wala inayohesabu majiko. Mtasema gulio ni la siku mbili tu, hivyo haifai kujenga vya kudumu. Basi tupeni vya kuhamishika. Tangi la pili lenye magurudumu, au ujazo mmoja zaidi wa Jumamosi saa tano asubuhi, havihitaji msingi wa zege. Mtasema fedha hazipo. Katika hilo tunaomba jambo dogo, kwamba mapato ya ushuru wa vyakula na matumizi yake yabandikwe ukutani, tuone pamoja kama hazipo au hazikuelekezwa huku.

Mtasema pia kwamba wachuuzi wenyewe ni wakaidi. Wako wakaidi. Wapo wanaochanganya fedha na chakula kwa mkono mmoja, na wapo ambao hata wakipewa mto hawatanawa. Hao wachukulieni hatua, sisi wateja tutawaunga mkono. Ila huwezi kumtambua mkaidi mahali ambapo hata mtiifu hana maji. Wote wawili wataonekana sawa, na tangazo lenu litawafagia pamoja.

Na kama mtasema kwamba hakuna mteja aliyewahi kuleta malalamiko ya kuugua, nitawakumbusha kwamba mtu mwenye tumbo la kuendesha harudi Jumatatu kujaza fomu. Mwaka 2015 WHO lilikadiria kwamba watu wapatao milioni 600 duniani huugua kila mwaka kwa sababu ya chakula kilichochafuliwa, na 420,000 kati yao hufa, wakiwamo watoto 125,000 walio chini ya miaka mitano. Wengi wa wagonjwa hao hawaandikwi popote. FAO kwa upande wake limekuwa likikadiria kwamba watu wapatao bilioni 2.5 hula chakula cha mitaani kila siku. Hicho ni chakula cha kawaida cha binadamu, hakiwezi kusimamiwa kwa vitisho vya tangazo.

Kwa hiyo tunaomba mambo yafuatayo. Kabla ya mwisho wa mwezi huu, tangi lijazwe tena Jumamosi na Jumapili asubuhi, na viwekwe vituo vya kunawia vyenye koki na sabuni kwa kila safu ya vibanda. Kanuni ya jiko moja irekebishwe ili kila mpishi awe na sehemu ya kuhifadhia joto, na soketi zifunguliwe kwa malipo yanayojulikana. Mitungi ya gesi iondolewe mferejini mara moja. Hili lisisubiri kikao. Gari la taka lije Jumamosi usiku, na pipa la mafuta yaliyotumika liwekwe. Ukaguzi uhamishiwe siku za gulio, na uanze na mafunzo ya bure kwa wapishi kabla ya faini ya kwanza. Tangazo la kuondolewa bila taarifa libanduliwe, na badala yake kuwe na utaratibu wa onyo la maandishi, muda wa kurekebisha na haki ya kukata rufaa. Mpango wa mkandarasi usimamishwe hadi utakapojadiliwa mbele ya wachuuzi, ambao waruhusiwe kuchagua wawakilishi wao katika kamati, wanawake wakiwamo, maana ndio wengi kwenye majiko.

Wachuuzi wamekubali, na wamenituma niliseme hili kwa niaba yao, kuchangia ununuzi wa vyombo vya maji na kuunda zamu za kusafisha mfereji, ilimradi michango yao ipewe stakabadhi. Wateja tuliotia saini tuko tayari kuandika bei na viambato kwenye mbao za vibanda ambavyo wenyewe hawana muda wa kufanya hivyo.

Tunaomba jibu la maandishi kabla ya kikao chenu cha kugawa nafasi za msimu ujao, na tunaomba wawakilishi watatu, wawili wa wachuuzi na mmoja wa wateja, waruhusiwe kuhudhuria kikao hicho. Iwapo jibu halitapatikana, barua hii pamoja na orodha ya waliosaini itawasilishwa kwa baraza la mji.

Wenu katika kulitumikia gulio,

Mteja wa eneo la vyakula,
kwa niaba ya wateja na wachuuzi waliotia saini.

Nakala:
Afisa Afya wa Mji
Kikosi cha Zimamoto na Uokoaji (kuhusu hoja ya 5)
Mwakilishi wa wachuuzi wa vyakula
Ubao wa matangazo, lango kuu